Patek Philippe 1518: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayeanza kupenda saa za zamani hachelewi kukutana na namba hii, 1518, na maswali anayokuja nayo huwa yale yale. Nimeyapanga kuanzia mepesi. Pale jibu moja linapotegemea jingine, nimetaja namba ya swali la kutazama. Jambo moja kabla hatujaanza: nikisema "penye 12" au "penye 3", nasoma tarakimu zilizo usoni mwa saa. Nikitaja saa za usiku, nahesabu kwa Kiswahili.

## Kuifahamu

1. 1518 ni nini hasa?

Ni saa ya mkono ya kampuni ya Patek Philippe ya Geneva, Uswisi, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1941. Namba 1518 ni ya modeli nzima, kwa hiyo saa zote za aina hii hubeba jina hilo, na kila moja ina namba zake binafsi (tazama swali la 12).

Sifa yake kubwa ni kwamba ilikuwa saa ya kwanza ya mkono kutengenezwa kwa mfululizo ikiwa na kronografu na kalenda ya daima kwa pamoja. Kila kimoja kilikuwapo tayari. Patek Philippe yenyewe ilitoa saa ya mkono yenye kalenda ya daima mwaka 1925, kwa kutumia mtambo uliotengenezwa mwaka 1898 kwa ajili ya saa ndogo ya kuning'iniza ya mwanamke. Lakini kuvikutanisha viwili hivyo ndani ya kasha la kuvaliwa mkononi, tena kama bidhaa ya kawaida iliyomo kwenye orodha ya kampuni, hakuna aliyekuwa amefanya.

2. Kronografu na kalenda ya daima ni vitu gani?

Kronografu ni saa ya kupimia muda iliyomo ndani ya saa ya kawaida. Unabonyeza kitufe, mshale mwembamba unaanza kukimbia. Unabonyeza tena, unasimama. Unabonyeza cha pili, unarudi mwanzo. Saa yenyewe haikatizwi na lolote kati ya hayo.

Kalenda ya daima huonyesha siku, tarehe na mwezi, na hujua yenyewe kwamba Aprili ina siku 30, Mei ina 31, na Februari huongezewa siku moja kila mwaka mrefu. Hakuna betri wala kompyuta. Ni vyuma vinavyosukumana. Namna vinavyojua hayo imeelezwa kwenye swali la 5.

3. Nikiitazama usoni naona nini?

Kasha lina kipenyo cha milimita 35, dogo ukilinganisha na saa nyingi zinazouzwa leo. Chini ya 12 kuna vidirisha viwili vilivyokaa bega kwa bega, kimoja cha siku na kingine cha mwezi. Penye 3 kuna duara la kuhesabu dakika 30 za kronografu, penye 9 duara la sekunde za kawaida, na penye 6 duara la tarehe ambalo katikati yake kuna tundu la kuonyesha mwezi wa angani ukiandama, ukipevuka na kufifia. Tarakimu ni vipande vya dhahabu vilivyopachikwa kimoja kimoja, na mishale ina umbo la jani.

Pembezoni kabisa kuna kipimo cha mwendo. Ukianzisha kronografu unapopita nguzo ya kilomita moja na kuisimamisha kwenye nguzo inayofuata, mshale hukuonyesha kasi yako. Sekunde 45 ni kilomita 80 kwa saa.

Hebu hesabu ni habari ngapi zimo humo: saa, dakika, sekunde, siku, tarehe, mwezi wa kalenda, mwezi wa angani, sekunde za kronografu, dakika za kronografu na kasi. Mambo kumi kwenye uso ulio mdogo kuliko mdomo wa kikombe cha kahawa, na bado kuna nafasi ya kupumua. Kwangu mimi utulivu huo ni ufundi mkubwa kuliko mtambo wenyewe, na ndicho kitu ambacho saa nyingi zilizokuja baadaye zimeshindwa kukifikia.

## Ndani ya kasha

4. Mtambo wake ulitengenezwa na Patek Philippe yenyewe?

Si kuanzia mwanzo. Mtambo huitwa 13-130 Q. Msingi wake ulikuwa mtambo ghafi wa kronografu kutoka Valjoux, kiwanda cha mitambo ya saa cha Uswisi, ambao Patek Philippe iliunyoosha, ikauboresha na kuumalizia kwa viwango vyake. Kazi ya kalenda ilipitia mikononi mwa mafundi wa Victorin Piguet katika bonde la Joux. Herufi Q inatokana na neno la Kifaransa la kalenda, *quantième*.

Wapo wanaoisikia habari hii na kuvunjika moyo, kana kwamba wamedanganywa. Sioni sababu. Huo ndio uliokuwa mfumo wa kazi wa Uswisi kwa vizazi: huyu anachonga mtambo ghafi, yule anafua kasha, mwingine anachora uso, na jina linaloandikwa usoni ni la yule anayebeba dhamana ya ubora wa yote. Thamani ilikuwa kwenye umaliziaji: kingo za vyuma kukatwa mshazari na kung'arishwa, meno kulainishwa, springi kukunjwa kwa mkono mpaka ipumue sawasawa.

Mtambo hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mapigo matano kila sekunde. Ndiyo maana mshale wa kronografu hutembea kwa vituo vya moja ya tano ya sekunde.

5. Chuma kinajuaje kwamba Februari ni fupi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Siri ya kalenda za namna hii iko kwenye gurudumu moja linalozunguka mara moja tu kwa miaka minne. Ukingoni mwake kuna nafasi 48, moja kwa kila mwezi. Nafasi 28 zimeachwa juu: hizo ni za miezi ya siku 31. Nafasi 16 zimekatwa kidogo: siku 30. Zilizobaki nne ni za Februari. Tatu kati yake zimechimbwa ndani kabisa, na ya nne imechimbwa pungufu kidogo, kwa ajili ya mwaka mrefu.

Juu ya ukingo huo kuna mkono mdogo wa chuma unaopapasa kama kidole cha mtu anayesoma gizani. Mwezi unapokwisha, kina ambacho kidole kimezama ndicho kinachoamua tarehe irukishwe hatua ngapi kufika 1. Kikiwa juu, hakuna cha kuruka. Kikiwa kimezama chini kabisa, tarehe hupita kutoka 28 hadi 1 kwa usiku mmoja. Hesabu yote ya kalenda imeandikwa kwa tupa kwenye ukingo wa kipande cha chuma.

Kitu kimoja 1518 haikuonyeshi: usoni hakuna alama ya kukuambia uko mwaka wa ngapi katika mzunguko wa miaka minne. Mtambo unajua, mvaaji haoni. Alama hiyo ilikuja na modeli ya 3970.

6. Modeli zipi zilifuata?

2499 ilitengenezwa kuanzia 1951 hadi 1985, ikafuata 3970 mwaka 1986, 5970 mwaka 2004 na 5270 mwaka 2011. Zote ni kronografu zenye kalenda ya daima, na zote zimerithi sura ya 1518: vidirisha viwili juu, mwezi wa angani chini. Ukimwona mtu na 5270 leo, unaona mjukuu mwenye uso wa babu yake.

## Uhaba na bei

7. Zilitengenezwa ngapi?

Hesabu inayokubalika ni saa 281, kati ya 1941 na 1954. Nyingi ni za dhahabu ya njano. Sehemu ndogo, takriban moja kati ya tano, ni za dhahabu ya waridi. Za chuma cha pua zinazojulikana ni nne.

Saa 281 kwa miaka kumi na mitatu ni wastani wa chini ya mbili kwa mwezi. Kumbuka pia kwamba miaka ya mwanzo ilikuwa ya vita vikuu. Uswisi haikuingia vitani, lakini soko la Ulaya lilikuwa limevurugika, na saa kama hii haikuwa na wanunuzi wengi hata wakati wa amani.

8. Kwa nini ya chuma iwe ghali kuliko ya dhahabu?

Swali hili huulizwa kwa mshangao, na jibu lake linafungua mlango wa kuelewa ukusanyaji wa saa za zamani kwa jumla.

Miaka ya 1940 chuma kilikuwa malighafi ya saa za kazi. Mtu mwenye uwezo wa kununua kronografu yenye kalenda ya daima aliitaka ndani ya dhahabu, na kiwanda kilimpa alichotaka. Chuma kiliingia kwenye modeli hii kwa bahati tu. Sasa geuza darubini: dhahabu unaweza kuinunua popote na wakati wowote, kwa uzito. 1518 ya chuma huwezi kuitengeneza tena hata ukiwa na chuma chote cha dunia. Mkusanyaji hanunui madini. Anunua kile ambacho hakirudiki.

Novemba 2016, katika mnada wa nyumba ya Phillips mjini Geneva, moja ya zile nne iliuzwa kwa faranga za Uswisi 11,002,000. Hadi siku ile hakuna saa ya mkono iliyokuwa imefikia bei hiyo mnadani. Mwaka uliofuata ilipitwa na Rolex Daytona iliyokuwa mali ya mwigizaji Paul Newman, iliyouzwa New York kwa dola milioni 17.75. Novemba 2025 saa ile ile ya chuma ilirudi mnadani Geneva na kuvuka faranga milioni 14.

9. Je, kumilikiwa na mtu mashuhuri huongeza bei?

Huongeza, lakini si kama watu wanavyodhani. Mfano mzuri uko Misri. Mfalme Farouk alikuwa mpenzi mkubwa wa saa, na 1518 yake ya dhahabu ya njano ina taji, nyota na mwezi mwandamo pamoja na herufi F mgongoni mwa kasha. Machi 2021 nyumba ya mnada ya Christie's iliiuza Dubai kwa dola 912,500. Desemba mwaka huo huo, 1518 iliyokuwa ya mwanamfalme wa Misri, Tewfik Adil Toussoun, iliuzwa na Sotheby's New York kwa dola milioni 9.57.

Mfalme akapata chini ya milioni moja, mwanamfalme zaidi ya tisa. Tofauti iko kwenye saa zenyewe. Ile ya Toussoun ina kasha la dhahabu ya waridi na uso wa rangi hiyo hiyo ya waridi, muunganiko adimu mno, na hali yake ilikuwa ya kushangaza. Jina la mwenyewe ni kitoweo. Chakula ni saa.

10. Bei zinazotangazwa mnadani ndizo anazolipa mnunuzi?

Kwa kawaida matokeo yanayotangazwa hujumlisha kamisheni ya nyumba ya mnada inayolipwa na mnunuzi, kwa hiyo muuzaji hapokei kiasi chote unachokisoma. Ushuru na kodi ya kuingiza mali nchini huja juu ya hapo. Usilinganishe kamwe bei ya nyundo, yaani ile kabla ya kamisheni, na bei ya jumla kana kwamba ni kitu kimoja.

## Kuikagua

11. Wakusanyaji hutazama nini kwanza?

Uso, kabla ya mtambo, kasha au hati yoyote.

Ili kuelewa sababu, lazima ujue uso huo ulivyotengenezwa. Jina la kampuni na vipimo vya pembezoni havikuchapwa kwa wino. Fundi alichonga herufi kwenye bamba, akajaza mifereji yake kwa unga wa enameli nyeusi, akauchoma tanuruni mpaka ukayeyuka na kuwa kama kioo, kisha akausawazisha na kuupaka uso rangi ya fedha. Weka lenzi ya kukuza mara kumi, inamisha saa kidogo kuelekea mwanga wa dirisha, utaona herufi zimeinuka kidogo juu ya uso na zinang'aa kama matone ya lami.

Sasa fikiria miaka sabini. Rangi ya fedha husawijika, mwenye saa anaipeleka kwa fundi, fundi anaisugua ili "iwe mpya". Kila msuguo hula enameli. Kwanza hupotea nukta, halafu alama ndogo juu ya e katika *Genève*, halafu miguu ya herufi huanza kukonda. Saa za mwanzo zina jina refu, *Patek, Philippe & Co.*, na za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 zina jina fupi. Katika lile refu, mimi huanza na ile koma baada ya Patek. Ikiwa nene na kamili, moyo hutulia. Ikiwa imebaki kivuli, au imechorwa upya kwa wino bapa, bei inashuka hata kama sehemu nyingine zote zinameremeta.

Kwa hiyo uso wenye madoa hafifu na rangi iliyogeuka kuwa ya pembe ya ndovu huweza kuwa na thamani kubwa kuliko ulio mweupe pe. Anayeanza hulipokea hili kwa shida, na gharama ya kulijifunza kwa vitendo ni kubwa.

12. Kasha je?

Tazama masikio, pale mkanda unapofungwa, na mihuri ya dhahabu. Uswisi iligonga kichwa cha mwanamke, Helvetia, kwenye dhahabu ya karati 18. Kasha likisuguliwa mara nyingi, kingo huviringika kama sabuni iliyotumika na muhuri hufutika taratibu. Muhuri unaoonyesha bado nywele za kichwa ni habari njema.

Kisha kuna namba mbili: ya mtambo na ya kasha. Namba hizo lazima ziwe zilitoka kiwandani pamoja. Saa ambayo mtambo wake ulitoka kwenye kasha moja na kuingizwa katika jingine hupoteza sehemu kubwa ya thamani, hata kama vipande vyote ni halisi.

13. Hati ya kumbukumbu za kiwanda inathibitisha nini?

Patek Philippe imetunza vitabu vyake tangu karne ya 19, na hutoa dondoo ya maandishi kwa saa zake za zamani. Dondoo hutaja namba ya mtambo, namba ya kasha, aina ya madini, mwaka wa kutengenezwa na tarehe ya kuuzwa. Ni nyaraka muhimu sana, nami nisingenunua bila hiyo.

Lakini haisemi kwamba saa uliyoishika mkononi iko katika hali ile iliyotoka nayo. Uso ungeweza kubadilishwa mwaka 1975 na dondoo isijue. Usikubali muuzaji akuonyeshe karatasi ukaacha kutumia lenzi.

## Kuimiliki

14. Inavalika kweli, au ni ya kuwekwa sandukuni?

Inavalika. Ilitengenezwa ivaliwe. Ila kasha lake halizuii maji, kwa hiyo mvua, jasho jingi na bomba la jikoni ni maadui. Epuka spika kubwa na sumaku za mikoba. Itie ufunguo asubuhi kwa utulivu, na ukihisi springi imekaza, acha hapo.

15. Nirekebisheje kalenda ikisimama?

Ubavuni mwa kasha kuna vitufe vidogo vilivyozama. Tumia kijiti cha mti au cha plastiki, kamwe si sindano wala kisu, kwa sababu kijiti kikiteleza hakiachi mkwaruzo. Usirekebishe chochote kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku. Katika saa hizo meno ya kalenda yameanza kuumana ili kubadilisha siku, na kulazimisha kunaweza kuvunja jino. Kama hujui mshale unaonyesha mchana au usiku, sogeza mbele polepole uone siku inabadilika wapi: hapo ndipo saa sita usiku.

16. Nikiipeleka kwa fundi nimwambie nini?

Mwandikie, usimwambie kwa mdomo tu: kasha lisisuguliwe, uso usiguswe, kila kipande kinachotolewa kirudishwe kwangu hata kikiwa kimechakaa. Piga picha kila upande kabla ya kuikabidhi. Mafuta hukauka hata saa ikiwa imelala, kwa hiyo huduma ni lazima. Lakini fundi mwema wa saa hizi hujulikana kwa yale anayokataa kuyafanya.

## Maswali ya pembeni

17. Siwezi kufikia bei hizo. Nianzie wapi?

Modeli ya 1526 ilizaliwa mwaka huo huo wa 1941, ina kalenda ya daima bila kronografu. Modeli ya 130 ni kronografu isiyo na kalenda, na mtambo wake ni ndugu wa huu. Hizo nazo si za bei ya chini. Kama hata hizo ziko mbali, yafunze macho kwanza: jumba la makumbusho la Patek Philippe lipo Geneva tangu 2001, na nyumba za mnada huonyesha saa kwa umma siku chache kabla ya mauzo. Unaruhusiwa kuomba kushika. Saa moja ya kutazama saa halisi kwa lenzi inafundisha kuliko picha elfu.

18. Ni kweli kalenda hii ya daima itakosea mwaka 2100?

Kweli. Gurudumu la swali la 5 linajua kwamba kila mwaka wa nne ni mrefu. Lakini miaka ya mwanzo wa karne huwa mirefu pale tu inapogawanyika kwa 400. Mwaka 2000 ulipita bila tatizo kwa sababu unagawanyika. Mwaka 2100 haugawanyiki, na hilo gurudumu halijui.

Hakuna 1518 hata moja iliyowahi kukutana na hali hiyo, maana ya kwanza ilizaliwa 1941. Usiku wa kuamkia Machi 1, 2100, kila moja inayotembea itaonyesha Februari 29, tarehe isiyokuwapo. Mwenye nayo atachukua kijiti chake asubuhi, atabonyeza kitufe cha tarehe mara moja, na kalenda itakwenda bila kurekebishwa tena hadi Machi 1, 2200.